Siku Nilipofuta Barua za Marehemu

Sijawahi kusimulia jambo hili lote mpaka mwisho, hata kwa mama yangu, na kwa mama yangu nimekiri mambo mengi ya kijinga. Hili nalionea haya, haya ya kweli, ile ya kukufanya ufunike uso ukiwa peke yako jikoni unaosha vikombe. Lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini mimi nikipewa kazi ndogo ya kuweka programu kwenye tovuti nachukua siku mbili wakati wenzangu wanachukua nusu saa, wacha niseme tu. Kuna mahali mtacheka. Hata mimi kuna mahali huwa nacheka, halafu nanyamaza.

Mnajua kazi yangu ni tovuti: za makanisa, za shule za nasari, kuna hadi ya fundi wa sofa wa hapa Kabiria ambaye anataka picha zake zizunguke zenyewe. Nilifunzwa kazi na Kioko, jamaa wa kwetu Ukambani, ana ofisi ndogo katikati ya jiji, ghorofa ya nne, na lifti ya hilo jengo sijawahi kuiona ikifanya kazi. Ni Kioko aliyenipa mteja wangu wa maana kuliko wote, hospisi moja ya Kitisuru, yaani nyumba ya kutunza wagonjwa ambao madaktari wameshasema hawana la kufanya zaidi, wanapelekwa pale ili wasiumie, walale kwenye shuka safi, wawe na mtu wa kuwashika mkono.

Msimamizi wake ni Matron Kageha, mama wa Vihiga, mrefu, sauti ya chini kabisa, hajawahi kunipandishia sauti hata mara moja (ningependa angenipandishia, mtaona). Huyu mama alikuwa na kitu chake alichokuwa anakifanya miaka mingi. Kila mgonjwa mwenye nguvu ya kuongea alikuwa anaulizwa kama angependa kuandika barua ya kufunguliwa akishaenda. Asiyeweza kushika kalamu, nesi anakaa kando ya kitanda na kumwandikia. Halafu mara moja kwa mwaka familia zinaalikwa ukumbini, kunakuwa na maombi na chai, na kila familia inafunguliwa barua yake kwa mara ya kwanza. Hakuna mtu alikuwa anazisoma kabla, hata Matron. Nesi aliyeandika anaapa kufunga mdomo.

Zamani barua zilikuwa za karatasi, zikiwekwa stoo. Mwaka mmoja paa likavuja na nyingine zikalowa wino ukaenea, na mtu aliyesimama mbele ya Matron akamwambia, kwa kujiamini sana, "Matron, karatasi inapotea, weka kwenye mtandao, hapo hakuna kitu kinaweza kupotea," mtu huyo ni mimi. Nikamjengea tovuti. Nesi anachapa barua, inafungwa kwa namba ya siri, siku ikifika familia inaiingiza namba na barua inafunguka, hata kama mtoto yuko ng'ambo.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu kimoja cha kazi, kwa ufupi. Programu ya tovuti haiweki vitu vyake hewani, inaviweka kwenye databesi, na databesi ni kama kabati lenye droo zenye majina. Ukiweka programu mpya inakuuliza maswali kabla haijaanza: kabati liitwalo nani nitumie, jina lako nani, paswadi gani, na droo zangu zianze na herufi zipi ili zisichanganyike na za mwingine. Kazi ikifanywa vizuri, kila programu inapewa kabati lake. Inachosha, lazima uingie kwenye akaunti ya seva, ile kompyuta ya mbali inayobeba tovuti, uunde databesi, uunde mtumiaji, umpe ruhusa. Kwa hivyo watu wavivu (mnajua nitakayemtaja) wanatafuta njia ya mkato.

Siku ya ukumbusho ilikuwa Jumamosi. Nilifika Kitisuru mapema, saa mbili na nusu asubuhi, nikaweka projekta, nikajaribu sauti, kila kitu sawa. Saa tatu Matron akaja na ile sauti yake.

"Mwikali, mama, kuna watu wako Saudia na Qatar hawawezi kufika. Hakuna mahali wanaweza kuandika hata neno la pole, likaonekana hapa ukutani?"

Ningesema hapana. Hiyo ndiyo sehemu inaniuma, jibu la hapana lilikuwa halali kabisa, hata angeelewa. Lakini mimi nikamwambia, "Hiyo ni dakika kumi tu, Matron."

Nikapata programu ya kitabu cha wageni, ya bure, nzuri, ya kampuni ileile iliyotengeneza ile ya barua. Nikaanza kuiweka. Ikaniuliza yale maswali yake. Kuunda databesi mpya nilihitaji paswadi ya akaunti ya seva, na hiyo nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, na daftari lilikuwa nyumbani kwangu Kabiria juu ya friji. Kumpigia Kioko, ambaye pia alikuwa nayo, anitumie? Angenicheka. Nikasema, si hapa nina jina na paswadi ya databesi ya barua, niitumie hiyohiyo, kabati ni kubwa, wataishi pamoja. Kwenye lile swali la herufi za droo, nikaacha zile zilizokuja nayo. Sikukumbuka kwamba hata ile siku ya kuweka programu ya barua niliziacha hivyohivyo.

Ikaanza, ikafika nusu, mtandao ukakatika kidogo, ikakwama. Nikaianzisha upya. Safari hii ikaniandikia kwamba droo zenye majina haya tayari zipo, je, nizifute nianze upya? Na mimi nikajiambia, kwa sauti kabisa maana nakumbuka nesi mmoja aligeuka kuniangalia, "Ah, hayo ni mabaki ya ile iliyokwama."

Nikabonyeza ndiyo.

Haikuchukua hata sekunde tano. Ikaniandikia hongera. Nikaenda kunywa chai! Nilikula na mandazi mawili, nikamwambia Matron imeshakubali, akanishika bega akasema Mungu akubariki mama.

Saa nne ukumbi ukajaa. Watu kama mia moja, wengi wamevaa nguo za kanisani, wengine na picha za wapendwa wao kwenye fremu. Familia ya kwanza kuitwa ilikuwa ya mzee mmoja anaitwa Wanjala. Ni mlinzi kwenye nyumba moja ya Lavington, alikuwa ameomba ruhusa kwa tajiri wake na akaja na koti la suti juu ya suruali ya kazi. Mke wake, Rose, alikuwa amefariki hapo hospisi miezi minne kabla ya siku hiyo. Mzee Wanjala akakaa mstari wa mbele, akatoa miwani mfukoni, akaifuta na tai, akaivaa, akaweka mikono magotini. Karatasi yenye namba ya siri alikuwa ameikunja mara nyingi sana.

Mimi nilikuwa kwenye meza ndogo mbele kabisa, nimewaangalia watu, ukuta wa picha uko nyuma yangu. Matron akasoma namba, nikaichapa, nikabonyeza.

Ukutani pakaandikwa, kwa herufi kubwa na maua ya rangi: Hongera! Tovuti yako mpya iko tayari.

Watu wakapiga makofi. Ninawaambia ukweli, walipiga makofi, walidhani ni sehemu ya ratiba, kuna mama hata alipiga kigelegele kifupi. Mzee Wanjala pia alipiga, taratibu, macho yake yako ukutani, anangoja barua ije baada ya maua.

Nikachapa namba tena. Hongera. Nikachapa namba ya familia ya pili. Hongera. Nikazima picha ya projekta kwa rimoti, nikasimama, nikasema maneno ambayo kila fundi wa kompyuta Nairobi hii amewahi kuyasema.

"Samahanini sana, mtandao unatusumbua kidogo tu."

Hakuna aliyelalamika. Wakenya tumezoea mtandao kusumbua. Mzee Wanjala akainama mbele akaniambia polepole, kama anayenipa moyo, "Msichana wangu, usiwe na haraka. Mimi nimengoja miezi minne, siwezi shindwa na dakika kumi."

Matron akaanzisha pambio, watu wakasimama wakaimba. Nami nikiwa nimejificha nyuma ya wimbo nikaingia kwenye databesi kuangalia droo moja moja. Droo za barua zilikuwepo, majina ni yaleyale, lakini ni mpya, zimeundwa saa tatu na dakika kumi na nane asubuhi hiyo. Ndani hamna kitu. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu, ule programu inajiandikia yenyewe, wa kukukaribisha uandike neno lako la kwanza.

Bekapu? Mnataka kuniuliza bekapu, naona nyuso zenu. Nilikuwa nimeweka nakala ya akiba ijihifadhi yenyewe kila Jumapili. Miezi minane kabla ya hapo nafasi kwenye seva ilijaa, ikawa inanitumia malalamiko kila wiki, nikaizima ili ninyamazishiwe hizo kelele, nikasema nitairudia nikipata muda.

Nikafungua ukurasa wa kuchati kwenye hiyo hiyo kompyuta, nikamwandikia Kioko. Kilichoandikwa nakikumbuka chote, na kuna watu mia moja pia wanakikumbuka.

"Kioko uko? Nimefuta barua zote za marehemu."

"Zii! Wacha mchezo. Zote?"

"Zote. Nilitumia databesi ile ile. Ikaniuliza nifute nikasema ndio."

"Bekapu?"

"Nilizima."

"Mwikali!!! Watu wako hapo?"

"Ukumbi mzima. Nimewaambia ni mtandao."

"Poa, usiwaambie ukweli. Sema ni seva imeharibika, sema ni kampuni ya seva. Wazee hawaelewi hizo vitu."

Hapo ndipo nilianza kusikia wimbo unapungua. Haukuisha mara moja. Kwanza upande wa kulia ukanyamaza, halafu katikati, mwishowe akabaki mama mmoja wa nyuma kabisa anaimba peke yake macho amefumba, naye akanyamaza. Nikainua kichwa. Hawakuwa wananiangalia mimi. Walikuwa wanaangalia juu ya kichwa changu.

Nesi Betty, msichana mwema kabisa, alikuwa amedhani projekta imejizima kwa bahati mbaya. Aliiwasha ili tukiwa tayari tusipoteze muda.

Sikugeuka. Sikuhitaji kugeuka. Nilisikia kijana mmoja katikati ya ukumbi akimsomea nyanya yake asiyeona vizuri, kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia: "Anasema, wazee hawaelewi hizo vitu."

Na Kioko, kwa sababu mimi nilikuwa nimeganda sijibu, akaongeza mstari mwingine ukaingia ukutani na ule mlio wake: "Toroka hapo mapema, utashikwa."

Nilitaka kufunga kompyuta na badala yake nikaiangusha. Ikaanguka sakafuni na waya wake, picha ukutani ikawa buluu, na mimi nikapiga magoti kuiokota na sikuweza kuinuka, nikabaki hapo chini ya meza kama mtoto anayecheza kujificha huku watu mia moja wanajua yuko wapi. Viatu vikaja. Vilikuwa viatu vyeusi vya raba vya mlinzi, vimepigwa rangi vizuri.

"Toka hapo chini," akasema Mzee Wanjala. Nikatoka. Alikuwa ametoa miwani. "Nieleze wewe mwenyewe. Usiniambie ya huyo kijana wa pale ukutani. Barua ya Rose iko ama haiko?"

"Haiko, baba."

"Haiko kabisa, ama iko mahali mtaitafuta?"

"Niliifuta mimi. Sio mtandao. Ni mimi nilibonyeza."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, si kwa hasira, kama mtu anayehesabu kitu. Halafu akarudi kwa kiti chake akakaa, akaikunja tena ile karatasi ya namba akairudisha mfukoni. Hakuondoka. Nafikiri hakujua aende wapi, alikuwa amejitayarisha kusoma barua siku hiyo, hakuwa na mpango mwingine.

Wengine waliongea. Mwanamume mmoja alisema nishtakiwe. Mama mwenye picha ya binti yake akanijia mpaka karibu kabisa, nikadhani atanipiga kofi na nikatamani anipige, akanitazama tu usoni kwa muda mrefu, akasema, "Mtoto wangu aliandika wiki mbili, mstari mmoja mmoja, kwa sababu vidole vilikuwa vinamuuma." Akaenda. Matron Kageha akamaliza kwa sala, akawaomba watu msamaha kwa jina lake yeye, si kwa jina langu, na kwangu akasema maneno machache tu: "Nenda nyumbani, Mwikali. Ukishajua ni ngapi zimepotea, urudi uniambie idadi."

Kazi ya wiki iliyofuata sitawachosha nayo. Kwenye flash diski ya zamani nilipata ile nakala ya mwisho, ya miezi minane nyuma, na barua nyingi zikarudi, pamoja na ya yule binti wa mstari mmoja mmoja, nikampelekea mama yake mwenyewe mkononi, akaipokea mlangoni bila kunikaribisha. Kampuni ya seva haikuwa na kitu, nayo haikuwa na kosa. Zilizoandikwa baada ya mimi kuzima bekapu zilikuwa kumi na moja. Hizo hazipo. Ya Rose ni mojawapo.

Nikarudi kwa Matron nikamwambia kumi na moja. Akaandika majina yote kwa mkono wake, akanipa orodha, akasema, "Utawapigia wewe."

Kwa Mzee Wanjala nilienda mwenyewe, kwa sababu kumbe naye anaishi hukuhuku Kabiria, ng'ambo tu ya ile barabara ya vumbi inayoteremka mtoni. Nesi Betty ndiye aliyeandika barua ya Rose, na Matron alikuwa amemwondolea kiapo, kwa hivyo tukaenda naye Jumapili alasiri. Mzee alituwekea viti nje, akatuletea soda, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Betty akamwambia anachokumbuka. Rose alisema binti yao amalizie masomo ya ualimu, asiolewe kwanza. Alisema ile nguo yake ya kwaya apewe dada yake wa Bungoma. Alisema mzee aende hospitali aangaliwe presha, aache kujifanya mzima. Mzee alicheka kidogo hapo. Betty akasema kulikuwa na mengine, ya wawili wao, ya walipokutana, lakini maneno yenyewe yamemtoka, alikuwa ameandika barua tatu siku hiyo.

"Sawa," mzee akasema. "Nikuulize kitu kimoja tu. Pale mwanzo wa barua. Aliniita nani?"

Betty akaniangalia. Mimi nikaangalia chupa yangu ya soda.

"Alikuita Wanjala," Betty akasema. "Alianza, mpendwa Wanjala."

Kulikuwa na watoto wanaruka kamba kwa jirani, tukawasikiliza hao.

"Basi hukumbuki," akasema, kwa upole sana. "Hakuna shida. Miaka thelathini na moja, Rose hajawahi kuniita Wanjala."

Hakutuambia alikuwa anamwita nani. Nasi hatukuuliza. Alitusindikiza mpaka kwa lami, akatuaga kwa mkono, na akaniambia nisilie barabarani, watu watadhani amenifanyia kitu.

Kwa hivyo ndiyo, mimi nachukua siku mbili. Kila programu naipa databesi yake, mtumiaji wake, paswadi yake, droo zenye herufi zake, hata kama ni kitabu cha wageni cha siku moja, na kabla ya hapo nafanya nakala, naifungua kuhakikisha inasomeka, na naiweka mahali mbali na hiyo seva. Nikiulizwa kama nifute kitu, naondoa mkono kwenye kompyuta, nainuka, nazunguka meza, ndipo narudi kusoma swali upya. Mteja akiniambia fulani angefanya kwa dakika kumi, namwambia amwite huyo fulani. Na uongo wa mtandao sitausema tena maisha yangu yote, hata ukiwa unasumbua kweli.

Kwenye ile orodha ya Matron nimeshaongea na kumi. Wengine walinitukana, mmoja alinyamaza hadi nikadhani amekata, mmoja akaniombea. Wa kumi na moja ni binti anafanya kazi Saudia, baba yake alikuwa fundi wa viatu, alikufa akimngoja. Simu yake haijawahi kuingia. Namba ya siri anayo, na bado anaamini iko siku atapata nafasi aifungue. Najaribu kumpigia kila Ijumaa, nikiwa nimekaa, nikiwa nimejua nitakaloanza nalo: naitwa Mwikali, barua ya baba yako niliifuta mimi.